Mwaka Mashavu Yangu Yalipouza Sharubati

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye arusi ya mtoto wa jirani hapa Baraka. Nilikuwa nimeketi chini ya hema pamoja na wazee wenzangu, napigana na mfupa wa kuku, mara mzee mmoja asiye na meno ya mbele akasimama katikati ya watu, akaninyooshea chupa yake ya soda nyekundu na kupaza sauti: "Mutoto wa Damu! Weye! Ungali muzima?" Hema zima likageuka. Wajukuu wangu wakanitazama kwa mashaka, wakidhani pengine bibi yao aliwahi kuwa mchawi. Alikuwa Asukulu, tuliyesoma naye darasa moja, na ambaye hatukuwa tumeonana naye tangu vita vilipotutawanya, yeye upande wa Tanzania na mimi Uvira. Nilimwambia aketi kabla hajaanguka, akaketi, tukacheka hadi tukalia, na sijui ni lini hasa kicheko kiligeuka. Njiani kurudi nyumbani mjukuu wangu mkubwa aliniuliza: "Koko, juu ya nini ule muzee alikuita vile?" Nikamjibu kwamba zamani nilikuwa tangazo la biashara. Hakuamini. Yeye matangazo anayaona kwenye simu siku nzima, na waliomo wote ni vijana wembamba wenye meno meupe. Nikaona heri niandike, kabla Asukulu hajamhadithia kwa namna yake, maana yule ni mtu wa kupiga chuku tangu utoto.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, mwaka wa pili wa sekondari, katika shule iliyokaa kidogo juu ya mji, mahali ambapo ukiketi karibu na dirisha unaliona ziwa lote hadi rasi ya Ubwari, na mwalimu wa hesabu anakuona wewe. Habari za ukoo wangu nitaziruka; ni ndefu, na wengi waliomo watataka kunisahihisha. Inatosha kusema kwamba nilikaa kwa mama mudogo, mdogo wake mama yangu, aliyeitwa Tabu. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na meza, viti viwili, na kalenda ya Chama yenye picha ya Rais, kwa sababu kila nyumba ilikuwa nayo na hakuna aliyetaka kuulizwa kwa nini yake haina. Cha nyuma tulilala sisi wawili pamoja na magunia ya karanga. Nyumba nzima ilinuka ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mimi mwenyewe nilinuka ndagala, lakini sikulijua hilo mpaka msichana mmoja aliyetoka Bukavu alipohamishiwa dawati langu na kuomba ahamishwe tena. Alfajiri mama mudogo alikuwa tayari yuko jikoni, nje, anachemsha mihogo, anakaanga ndagala kwa mawese na pilipili, anafunga sombe, yaani kisamvu, kwenye majani ya migomba. Vyote viliingia ndani ya beseni kubwa, beseni likapanda kichwani, na saa ya mapumziko ungemkuta ndani ya uwanja wa shule, amejipanga ukutani na wamama wengine, anatuuzia chakula kwa mkono mmoja na kutupigia kelele kwa mwingine. Wamama wale walitujua kwa majina na kwa matumbo. Aliyekuwa hana kitu alipewa kipande cha muhogo na tusi dogo la kukisindikiza. Kwa chakula hicho nilipata mashavu. Sisemi kwa majivuno, wala hayapo tena. Lakini mwaka ule mashavu yangu yalikuwa yanafika darasani kabla yangu.

Lazima nieleze pia enzi yenyewe, maana vijana wa leo hawaijui. Wakati ule hapakuwa na Bwana wala Bibi. Sote tulikuwa Citoyen na Citoyenne, watu wa Chama kimoja, tuliozaliwa ndani yake hata kama mama zetu walidhani wametuzaa wenyewe. Kila asubuhi, kabla ya somo la kwanza, tulifanya animasyon: bendera inapanda, ngoma inalia, tunacheza na kukata viuno na kumwimbia Rais sifa mpaka jasho linatutoka. Na sisi wa Zone ya Fizi, wilaya yetu, tulilazimika kucheza kuliko wengine. Waasi walikuwa milimani, kila mtu alilijua hilo na hakuna aliyelisema, na wakubwa walitutazama kwa jicho la pembeni, wakingoja tukosee hatua. Prefe wetu, mkuu wa shule, aliishi roho juu juu. Alikuwa mtu mwema, mwembamba, mwenye abakosti moja ya kijani, koti lililofungwa vifungo hadi kooni, na aliogopa kila kitu kilichoandikwa, kilichochorwa au kilichopigiwa muhuri. Aliota kitu kimoja tu: kikundi chake cha animasyon kimpendeze Komisere wa Zone, mkubwa wetu aliyekaa Fizi, ili yeye prefe aweze kulala usingizi.

Hapo ndipo alipotokea Citoyen Feruzi. Alikuwa mfanyabiashara mwenye ghala karibu na bandari, kipaza sauti juu ya gari, na sharubati nyekundu katika chupa ndogo iliyovuka mpaka kutoka Burundi. Sisi tuliiita siro, naye aliipa jina Damu Mupya. Wenyeji wa huku mnajua: kwetu kitu chekundu kinaongeza damu. Mtu akitoka hospitali anapewa kitu chekundu, mama aliyejifungua anapewa kitu chekundu, na hakuna anayeuliza wekundu umetoka wapi. Feruzi alilijua hilo kuliko daktari yeyote. Alikuja ofisini kwa prefe akiwa na ngoma mpya na vikwembe, yaani vitenge, vya sare ya wachezaji, na mimi niliyasikia yote kwa sababu nilikuwa nimepewa adhabu ya kufagia chini ya dirisha la ofisi, adhabu niliyoipata mara nyingi na kuipenda.

"Citoyen Prefe, batoto bako habana damu," alisema Feruzi. "Angalia tu macho yabo. Mi natoa hizi ngoma, natoa bikwembe, siombe kitu. Nataka tu saa ya rekreasyon, ile ya kupumuzika. Batoto bakunywe kitu safi, kitu haina mafuta, haina nzi."

"Na bamama?"

"Bamama baende ku soko. Soko iko juu yabo."

Nilimsikia prefe akizisogelea ngoma. Kisha nikasikia ngoma inagongwa kidogo, kwa kidole, kama mtu anayejaribu tikiti maji. Nikajua tumekwisha.

Siku iliyofuata vijana wa Chama wenye skafu shingoni waliwatoa wamama uwanjani. Prefe alisimama kwenye ngazi, akiangalia viatu vyake, akawaambia: "Bamama, musikasirike. Hii ni maendeleo." Mama mudogo alikuwa tayari ameinua beseni. Akamwuliza: "Na hiyo maendeleo, batoto bakikula, itabashibisha?" Wamama wakaenda kukaa nje ya ua wa matete, na sisi tukakatazwa kuuvuka. Unga wao ulikuwa umemwagika, na waliomwaga walipiga makofi.

Lakini Feruzi hakutaka kuuza tu, alitaka tuamini. Alichapisha picha ya chupa kwenye karatasi za kufunikia madaftari, akatugawia bure, hata daftari langu la dini likawa linatangaza sharubati. Aliweka maneno ya Damu Mupya ndani ya wimbo wa asubuhi, baada ya sifa za Rais na kabla ya sifa za Chama, na tukazoea. Kisha siku moja akasema anataka mtoto wa mfano. Tulipangwa mistari, naye akapita mbele yetu akitubana mashavu kama anayenunua parachichi. Alipofika kwangu alibana mara mbili, akarudi nyuma hatua, akasema kwamba ndiye mimi: "Huyu njo yeye." Nilikuwa sijaonja hata tone la kitu chake. Nilijaribu kusema hivyo, akanipigapiga begani na kuniambia hiyo si shida. Tangu siku hiyo nikaitwa Mutoto wa Damu. Nilizungushwa shule za msingi za mji mzima juu ya gari lake, nimevikwa nguo nyekundu, huku kipaza sauti kikiwaambia watoto wadogo kwamba hapo mwanzo nilikuwa mfupa mtupu. Watoto walinitazama kwa huruma. Mmoja aliniuliza kama kuwa mfupa kuliuma.

Mama mudogo alilichukua jambo hilo vibaya. Jioni aliniwekea sahani, akaniangalia nikila, akaniuliza: "Kwa hiyo mi sikufanya kitu? Ile chupa njo ilikuwa inaamuka asubuhi?" Nikala zaidi, nikidhani kula ni aina ya kuomba radhi.

Mtu mmoja tu shuleni alipigana, naye alikuwa Citoyenne Apendeki, mwalimu wetu wa afya. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuweza kuamsha kijiji, na aliamini tumbo la mtoto ni jambo la serikali. Ubaoni kwake alikuwa amechora vyakula katika mafungu matatu, vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kuulinda, na kila somo alituuliza tumekula nini tangu asubuhi. Kabla ya Feruzi tulimjibu samaki, muhogo, ndizi. Sasa darasa zima lilijibu, "Damu Mupya, Citoyenne," naye anatafuta ubaoni fungu la kuiweka, halioni. Prefe alimkataza kuisema vibaya, kwa kuwa ngoma zilikuwa zimekwisha kupokelewa. Basi akawa haisemi. Anasimama mbele yetu, anaitazama chupa juu ya dawati la mtu, anashusha pumzi ndefu, kisha anaendelea na somo la minyoo. Na kweli mambo yalianza kuharibika. Watoto walianguka kwenye animasyon kwa sababu tumboni mlikuwa na sukari tu, na jua la Baraka halina huruma. Nyuki walihamia shuleni. Midomo yetu ilikuwa myekundu, meno yetu mekundu, na abakosti ya prefe ilipata doa kifuani ambalo sabuni zote za mji zilishindwa nalo.

Kisha likatokea la Asukulu. Alikuwa mnywaji mkubwa wa Damu Mupya, chupa juu ya chupa, na siku moja saa ya mapumziko tulimsikia akipiga mayowe chooni. "Nakufa! Muite mama yangu! Damu inatoka yote!" Kwetu kando ya ziwa, mkojo mwekundu si mzaha, kila mtu anaujua ugonjwa huo wa majini, kichocho. Vijana wanne walimbeba hadi zahanati, yeye anagawa mali zake njiani: mpira wake kwa huyu, ndoano zake kwa yule, na mimi akaniachia kitabu cha hesabu alichokuwa ameniibia. Muuguzi alimchunguza, akamnusa mdomo, akacheka mpaka akashika meza. "Ni rangi tu. Iliingia, sasa inatoka. Kunywa maji, kula muhogo, rudia ku shule." Asukulu alirudi akidai mali zake zote. Mimi kitabu sikumrudishia. Nilidhani baada ya kisa hicho Feruzi atafunga biashara, lakini yeye alikigeuza kuwa tangazo papo hapo. Akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba damu ya zamani ndiyo inayotoka ili mpya iingie. Siku hiyo aliuza kuliko siku zote.

Karibu na mwisho wa mwaka ikatangazwa kwamba Komisere anakuja. Feruzi alitaka kumwomba ruhusa ya kuuza Damu Mupya katika shule zote za Zone, kuanzia kwetu mpaka Lulimba, na wamama wasikanyage tena uwanja wowote. Ili kumshawishi aliamua sura yangu ichorwe ukutani mwa darasa letu, upande wa nje, kubwa, na maneno chini yake: NGUVU KU MASHAVU. Mchoraji alikuwa fundi Malisawa, na hapa ndipo kosa lilipofanyika, kosa ambalo nadhani nchi nyingine haiwezi kulifanya. Malisawa alikuwa fundi mzuri. Alikuwa amechora ukuta wa ofisi ya Zone, ukuta wa kambi, ukuta wa posta, na kila mahali alikuwa amechora mtu yuleyule, Rais na kofia yake ya chui. Tangu ashike brashi hakuna aliyewahi kumwomba sura nyingine. Alinikalisha kwenye kiti, akanitazama kwa makini, akachora mashavu yangu kwa uaminifu mkubwa. Kisha mkono wake ukaendelea wenyewe mahali ulipozoea. Alipomaliza, tulisimama mbele ya ukuta bila kupumua. Alikuwa Rais. Alikuwa Rais mwenye nywele zilizosukwa nne kichwani na utepe mwekundu, ameshika chupa ya sharubati, akitabasamu.

Citoyenne Apendeki aliingia darasani haraka, akafunga mlango, na tukasikia kitu kama kikohozi. Prefe alikuwa amebadilika rangi. Aliwaita Feruzi na Malisawa ofisini, na mimi nikachukua ufagio wangu bila kuambiwa.

"Malisawa," sauti ya prefe ilikuwa chini kabisa, "ule ni nani?"

"Ni mutoto, Citoyen Prefe. Mashavu ni yake, niliyaangalia muzuri."

"Mashavu naona. Naulizia ile ingine yote."

"Ile ingine iko vile najuaka kuchora."

"Inafanana na muntu," akasema Feruzi.

"Muntu gani?"

"Muntu tu."

"Sema ni nani, Citoyen Feruzi."

"Sema weye kwanza. Weye njo Prefe."

Yeyote ambaye angetaja jina, yeye ndiye angekuwa amemtukana mkubwa. Asiyetaja hajaona kitu. Mwishowe prefe akasema: "Basi ufute." Malisawa akaruka. "Mi nifute? Nishike chokaa, nipake ule... ule mutoto ku uso? Mbele ya batu? Mu Fizi hii, na bale beko kule milimani? Apana. Prefe, chokaa ile pale, futa weye." Prefe hakuigusa chokaa. Wakakubaliana ukuta ufunikwe na mkeka kwa sababu ya vumbi, na siku ya ziara, mkeka ukivutwa, nisimamishwe karibu yake kabisa, ili macho ya Komisere yaende kwangu.

Kisha nikaitwa mimi. Prefe aliniambia Komisere ataniuliza kilichonipa mashavu, na jibu ni moja. Aliongeza, kwa upole, kwamba amesikia mama mudogo wangu anahama. Nilijua. Kule nje ya ua biashara ilikuwa imekufa, na kwa wiki kadhaa furushi la masufuria lilikuwa limefungwa mlangoni. Alikuwa anakwenda Lulimba kuwapikia wachimba dhahabu. Mimi ningerudi kijijini, ambako sekondari haikuwepo, na masomo yangu yangeishia hapo. "Lakini kama unajibu vile tunataka," prefe akasema, "utakaa kwangu, na bibi yangu na batoto. Utamaliza shule. Ukijibu ingine, mi sitaweza kukusaidia." Nilimweleza mama mudogo nikitegemea atamtukana. Badala yake aliweka mikono mapajani, akasema: "Sema ni siro. Mi sitakufa juu ya muhogo. Masomo yako njo ya lazima." Nilichukia jibu hilo. Nilitamani anikataze.

Siku ya ziara Feruzi alinikataza kula tangu asubuhi, ili niweze kunywa chupa tatu mbele ya wageni bila kusita. Komisere alichelewa, barabara kutoka Fizi ilikuwa na mashimo yake na daraja lake. Tulicheza juani, tukaacha, tukacheza tena. Tumbo langu liliimba kuliko kikundi. Na upepo, kwa uovu wake, ulikuwa unatoka upande wa ua wa matete, ukibeba harufu ya ndagala wanaokaangwa kwa mawese. Niliweza kumwona mama mudogo kati ya matete. Alikuwa amevaa kikwembe chake cha kwendea kanisani, amekuja kunisikiliza nikisema si yeye.

Komisere aliposhuka garini alikuwa mtu mnene, mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, na mwenye njaa. Njaa naitambua popote. Walimpa Damu Mupya kwenye gilasi. Akanywa funda moja, akaizungusha mdomoni, akaimeza kwa ajili ya heshima ya Taifa, akairudisha gilasi. Feruzi akavuta mkeka. Komisere akautazama ukuta. Akanitazama mimi. Akautazama ukuta tena, muda mrefu, na nikaona jasho likishuka taratibu kutoka sikioni hadi kwenye kola yake, maana sasa naye alikuwa ameona, na mtu wa cheo chake akiona ni vibaya zaidi. Ngoma zilinyamaza. Prefe alikuwa amefumba macho kabisa.

"Huyu ni... huyu mutoto?" akauliza Komisere.

"Ni huyu mutoto, Citoyen Komisere," watu wote wakajibu kwa pamoja, hata wasioulizwa.

"Eee." Akanigeukia, akashika neno lolote la kumtoa pale. "Na weye, mutoto, unakulaka nini, unakuwa na mashavu vile?"

Feruzi alinitazama. Prefe alifumbua jicho moja. Chupa tatu zilikuwa mezani tayari. Nikafungua kinywa kusema Damu Mupya, naapa nilikifungua kwa neno hilo, na harufu ya ndagala ikaingia yote.

"Ndagala," nikasema. "Ndagala ya mama mudogo yangu, na mawese. Na muhogo. Na sombe. Hii siro sikunywake, mi hata leo sijakula kitu, balinikataza, na mama mudogo iko pale inje na anataka kwenda Lulimba." Kisha nikaanza kulia kwa sauti kubwa isiyo ya kiraia.

Baadaye watu walinisifu kwa ujasiri. Sikuwa na ujasiri, nilikuwa na njaa. Lakini Komisere alilishika jibu langu kama mtu aliyetupiwa kamba majini. Uso wake ulifunguka. "Mumesikia?" akanguruma. "Mumesikia mutoto wa Taifa? Ndagala! Sombe! Chakula ya bankambo, ya babu zetu!" Na hapo hapo akatupigia hotuba kwamba Rais ametuambia tuwe sisi wenyewe, tuache majina ya kuazima na nguo za kuazima, na sisi hapa Baraka tunawanywesha watoto maji mekundu ya ng'ambo ya mpaka. Mashavu halisi, alisema, yanatoka kwenye udongo wetu na ziwa letu, na aliposema mashavu aliupungia ukuta mkono bila kuuangalia. "Iko wapi huyo mama? Bamama baingie!" Wakaingia, mabeseni vichwani, mmoja nyuma ya mwingine, mama mudogo mbele. Komisere alikula amesimama, kwa vidole, akaongezwa, akaongezwa tena. Alipokuwa anaondoka alimnong'oneza Malisawa, nami nilikuwa karibu: "Ile sura muvalishe kofia ya chui. Nywele ufunike. Na ile chupa utoe. Sura ya vile haiuzishake kitu." Malisawa aliimaliza kazi kabla ya jua kuzama, kwa furaha, kwa kuwa kofia ya chui alikuwa anaijua vizuri.

Sharubati haikuingia tena shuleni. Feruzi aliuza chupa zilizobaki kwa wasuka mikeka, waliochovyea ukindu, na mikeka ile haikupauka kamwe. Prefe alilala usingizi, akatusamehe wote kwa mkupuo mmoja. Citoyenne Apendeki aliweka sheria kwamba hakuna kitakachouzwa uwanjani kabla yeye mwenyewe hajakionja, na kila kipya alikionja kwa moyo wote. Mwaka uliofuata alilazimika kushona nguo mpya. Lakini hayo yote ni ya baadaye. Mchana ule, wageni walipokwisha kwenda, nilirudi nyumbani nikiburuta miguu, kwa sababu nilikuwa nimemvunjia mama mudogo neno lake mbele ya Zone nzima. Nilimkuta amechutama mlangoni, amenigeuzia mgongo, anahangaika na furushi la masufuria.

"Nilikuambia useme nini?" akauliza bila kugeuka.

"Siro."

"Na ukasema nini?"

"Ndagala. Na muhogo. Na sombe."

"Na maharagwe?" Akageuka. "Maharagwe yangu, je? Kila juma nakaa ku moto tangu asubuhi juu ya maharagwe yako, na mbele ya Komisere muzima unayasahau! Batu bote sasa banajua mi sipikake maharagwe!" Alikuwa ananifokea na machozi yanamshuka, anayafuta kwa pindo la kikwembe cha kanisani, yanashuka tena. Nikamwomba msamaha kwa ajili ya maharagwe. Nilimpenda mwanamke yule siku ile kuliko mtu yeyote niliyepata kumpenda baadaye, na nimeolewa mara mbili. Fundo la furushi lilikuwa limekaza, alilikaza mwenyewe kwa hasira, na kucha zake hazikuweza. Nikachutama mbele yake, tukalifungua pamoja, yeye kwa meno na mimi kwa vidole, kisha akatoa sufuria kubwa na kunituma maji.